Boti ya Kaloleni

Kaloleni, Nairobi
14 Septemba 1997

Kwako Baba Nabwire,

Keti kwanza. Kama umeifungulia barua hii pale pale posta, tafuta jiwe uketi, maana habari yenyewe haimfai mtu aliyesimama. Boti imepata mnunuzi!

Ndiyo, boti ile ile. Ile uliyoachiwa na bosi wako alipofunga ofisi na kurudi kwao, dereva aliyemtumikia miaka kumi na moja akaambiwa asante kwa boti. Ile iliyokaa nyuma ya nyumba yetu miaka minne, magurudumu ya trela yakizama udongoni na kuku wa Mama Muhonja wakitaga chini ya usukani. Jumanne alikuja bwana mmoja anaitwa Shire, anafungua hoteli ya samaki huko Pipeline. Aliizunguka mara tatu, mikono nyuma, akagonga mbao, akacheka peke yake. Anataka kuikata katikati kwa msumeno. Nusu ya mbele itakaa mlangoni, samaki wa kukaanga wapangwe ndani yake, na nusu ya nyuma itakuwa meza ya wateja. Sikumficha kitu. Nilimwambia boti imekauka mpaka mwanga unapita kati ya mbao, mtu akilala chini yake ataona mawingu. Akasema, "Mama, mimi siipeleki majini. Naipeleka Pipeline."

Dishon, nusura nimkumbatie. Bei yake ni nzuri, na kule Tassia kuna ghorofa mpya, vyumba viwili, na mfereji wa maji uko ndani. Ndani ya nyumba! Unafungua ukiwa jikoni, maji yanakuja. Nimekwenda kuuona kwa macho yangu. Mwenye nyumba alinifungulia, nikaweka mkono chini ya yale maji nikasahau kuutoa mpaka mzee wa watu akakohoa. Wewe umezaliwa ziwani, huwezi kuelewa. Kwetu Kitui msichana wa miaka sita anapewa kikombe cha bati, anafukua mchanga wa mto uliokauka mpaka mkono unazama hadi kwapani, halafu anangoja hapo maji yajikusanye. Kile kikombe changu ninacho hadi leo, unakijua.

Na tungekuwa pamoja tena. Ulikwenda Port Victoria mwezi wa Aprili kumzika mzee, na tangu hapo umerudi "mwezi ujao" mara tano. Udereva hata Embakasi upo. Nabwire ameng'oka jino la mbele na hujaliona pengo.

Shire anataka jibu kabla ya Disemba, maana hoteli inafunguliwa kwa ajili ya Krismasi. Niandikie neno moja tu: uza.

Ngui anakusalimu. Bado ndugu yangu analala sebuleni, na bado anatujazia nyumba vumbi la twiga wake wa kuchonga.

Mkeo,
Kasiva

---

Port Victoria
23 Septemba 1997

Mama Nabwire mpenzi,

Niliketi kama ulivyoagiza. Kisha nikasimama tena. Usiuze!

Nisikilize kwanza, halafu unigombeze. Nina jambo la kukiri. Unakumbuka injini niliyoing'oa kwenye boti mwezi wa Aprili, nikaifunga kwa lile blanketi jekundu nikapanda nayo basi? Nilikwambia kuna fundi huku anaitwa Wanyonyi atakayeiuza vipande vipande. Haikuuzwa, Kasiva. Wanyonyi ameifungua yote, amesafisha kila kipande, ametengeneza alivyokosa kwa mikono yake, na jana tuliifunga kwenye pipa la maji tukavuta kamba. Ikanguruma! Maji yaliruka nje ya pipa yakatulowesha sote. Mbuzi wa jirani walikata kamba na mpaka naandika hivi mmoja hajaonekana. Mimi nilikuwa nacheka na kulia.

Sasa fikiria. Kutoka hapa kwenda Usenge kwa barabara unazunguka kinamasi chote cha Yala. Ukitoka asubuhi unafika jioni, na mvua ikinyesha hufiki. Kwa maji, kukiwa shwari, ng'ambo unaiona kwa macho. Kuna mitumbwi ya makasia tu, na watu wanaingoja ufuoni nusu siku: wanawake wa samaki, walimu, wagonjwa. Boti ya injini ingekwenda na kurudi mara nne kwa siku. Nimeshawaambia watu inakuja. Wananiita Kapteni. Najua unacheka.

Nyumba ya baba iko wazi, ina vyumba vitatu, na kutoka mlangoni hadi ufuoni hata jasho hulitoi. Njooni, wewe na Nabwire. Hapa lori la samaki ninaloendesha ni la watu, lakini boti ni yetu.

Mwambie Ngui aziangalie zile mbao. Yeye ni mchongaji, atajua kama zimeoza au zimekauka tu. Aangalie, aniandikie.

Wako,
Dishon

---

Kaloleni
5 Oktoba 1997

Niaje Shemeji Kapteni,

Ulisema niangalie. Nimeangalia. Shemeji, ile ni mahogani! Mahogani ya ukweli, si hii miti tunayouziwa Majengo bado inatoa utomvu. Haijaoza popote. Imekauka, basi, na ikapasuka kati ya ubao na ubao. Nikajiambia, Ngui, nyufa si ndiyo kazi yako ya kila siku?

Unajua twiga akipasuka juani tunamfanya nini. Unachanganya gundi na unga wa mbao, unaziba, unapiga msasa, unampaka rangi ya viatu, unamsugua na kitambaa. Mtalii anambeba mpaka kwao na haoni kitu maisha yake yote. Basi nilimleta Nzau na kijana mwingine kutoka pale tunapochongea, tukaifanya wikendi mbili. Hatukuacha ufa, hata ule wa wembe. Gundi ni ile kali, ikikauka ukiigonga na nyundo, nyundo ndiyo inaruka. Rangi ya viatu ya kahawia, makopo saba.

Manze, njoo uone! Inang'aa mpaka jana baba mmoja alijinyoa ndevu akijitazama ubavuni mwake. Watu wanatoka Makongeni kuja kuiangalia. Watoto wananiita Nuhu. Nilijiona mchongaji wa kwanza Majengo kumaliza kinyago cha futi kumi na tano.

Kuna shida moja tu. Shire alipita, akaiona ilivyo sasa, akashika kichwa na mikono yote miwili. Anaitaka mara mbili ya alivyoitaka. Dada naye anaimba jikoni, na wewe unajua akiimba maana yake nini.

Lakini kwa upande wangu kazi imeiva. Leta injini.

Shemeji yako,
Ngui

---

Port Victoria
13 Oktoba 1997

Shemeji Ngui,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Wanyonyi na wazee wawili wanaounda boti hapa ufuoni. Nilipofika kwenye gundi, mzee mmoja aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, hataki nimwone.

Ngui, itoe yote.

Sikasiriki. Mikono yako ni mizuri na umeifanya kazi kwa moyo. Lakini wewe umefundishwa mbao ni kitu cha kuzuiwa maji. Twiga wako akilowa ameharibika. Boti ni kinyume chake kabisa. Mbao za boti lazima zinywe maji, zivimbe, kila ubao umbane mwenzake, na hapo ndipo zinajiziba zenyewe. Zile nyufa uliziona kama ugonjwa, kumbe ni nafasi ya kuvimbia. Ukizijaza gundi ngumu, siku zitakapovimba hazina pa kwenda. Zitasukumana mpaka misumari ing'oke, na siku hiyo mimi nitakuwa katikati ya ziwa na abiria kumi na wawili.

Fanya hivi. Chukua patasi nyembamba, fungua ufa mmoja mmoja, gundi yote itoke. Rangi ya viatu isugue iishe. Kisha jaza pamba laini iliyolowekwa mafuta, usiishindilie. Tafuta mawe na tairi kuukuu, utegemeze tumbo lake pande zote. Baada ya hapo itabidi ilowe kwa wiki nyingi, na hapo ndipo mimi na wazee tumekwama. Maji ya kulowesha boti nzima tutayatoa wapi Kaloleni, penye foleni kwa ndoo moja?

Tena usimwambie dada yako neno. Akisikia imeharibika atamwita Shire siku hiyo hiyo. Utaniuliza mbona siji mwenyewe. Nikikuambia ni kazi ya lori, ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nikimwona Nabwire na lile pengo, nitakubali Tassia kabla sijavua viatu.

Dishon

---

Kaloleni
9 Novemba 1997

Baba Nabwire,

Sijui kama hii itakufika. Redio inasema madaraja yamekwenda na maji, na mvua yenyewe wameipa jina, El Nino. Barua yako niliyo nayo ni ya Septemba.

Nianze na ndugu yangu. Ngui amerukwa na akili. Boti aliyoing'arisha mpaka watu wakajinyolea, ameishambulia kwa patasi akatoa gundi yote aliyoitia. Alikaa chini yake siku saba akikwaruza. Nikimuuliza anatazama pembeni na kusema, "Ni ufundi, dada." Halafu usiku mmoja nikalala, kichwa kikagonga mbao za kitanda. Mto wangu ni mtupu! Pamba yote iko kwenye nyufa za boti yako, imelowa mafuta. Nilimfukuza na mwiko hadi barabarani, na majirani walishangilia kana kwamba ni mpira.

Sasa sikia mambo mengine. Mvua ilipoanza, boti ilivuja kila upande, maji yakiingia yanatoka. Lakini mvua haikukatika. Siku ya tisa au ya kumi nikaona maji yamesimama chini kidogo. Kesho yake yameongezeka. Na wiki hiyo hiyo bomba la estate likapasuka. Juu maji, chini maji, mfereji mkavu! Nikamwambia Ngui, badala ya kuharibu mito ya watu funga bati kutoka kwenye paa mpaka ndani ya hiyo boti. Akanitazama mdomo wazi, halafu akakimbia kutafuta bati. Sijamwona akitii haraka hivyo tangu azaliwe.

Dishon, maji yamefika kwenye viti na haivuji hata tone! Safu nzima ya nyumba inachota kwangu, ya kufulia, ya kuoshea, ya choo. Asubuhi foleni inafika hadi mlango wa Mama Muhonja. Mimi ndiye naita zamu, nimeshika kikombe changu cha bati, na hakuna anayeruka mstari. Juzi mtu aliniita "Mama Maji" na nikaitika.

Kwa hiyo boti yako imefanya kazi angalau mara moja kabla ya kufa. Maana nimempa Shire neno langu. Anakuja Jumamosi tarehe sita Disemba na lori na mafundi wawili wa msumeno. Ulisema nisiuze, lakini ulisema pia unarudi mwezi ujao, na mimi siwezi kulala juu ya maneno, hasa sasa ambapo sina mto. Kuhusu kuhamia huko, usiniulize tena. Nina sababu yangu.

Kasiva

---

Port Victoria
24 Novemba 1997

Kasiva! Kasiva! Kasiva!

Barua yako imefika leo, wino umesambaa na ukurasa wa pili umeshikana na wa kwanza. Nimeisoma nikikimbia. Naandika juu ya boneti ya lori.

Unajua umefanya nini? Umeiponya boti! Mbao zimevimba. Wazee wa hapa walikuwa wamekwama, mimi nilikuwa sipati usingizi, tunawaza tutailowesha na nini, kumbe mke wangu anaijaza mpaka kwenye viti na kupanga watu foleni! Boti isiyotoa maji nje haiwezi kuingiza maji ndani. Yule mzee aliyecheka gundi ya Ngui ameniambia nikuletee salamu za fundi kwa fundi. Usifungue kizibo cha chini! Usiiache ikauke!

Usimlaumu Ngui. Gundi ilikuwa kosa lake, lakini patasi na pamba ni mimi niliyemwagiza, na nikamwambia akufiche. Mto nitakununulia, miwili.

Sasa kuna jambo nimelizunguka tangu Septemba. Niliwaambia watu wa hapa kwamba mnakuja kabla sijakuuliza wewe kama unataka kuja. Nilikuficha injini, nikakuficha gundi, nikajifanya kila kitu kimeamuliwa. Nilikosa, Kasiva. Uamuzi ni wako. Ukisema Tassia, injini nitaiuza hapa, kweli safari hii, nitapanda basi la kwanza lenye daraja mbele yake, na kila asubuhi nitakufungulia huo mfereji kwa mkono wangu. Sitanuna. Sawa, nitanuna wiki moja. Ukisema ziwa, mwambie Shire arudi na msumeno wake.

Barua hii nampa dereva wa lori la samaki anayejaribu kupita leo. Mungu amwachie madaraja.

Dishon

---

Kaloleni
9 Disemba 1997

Baba Nabwire,

Barua yako ililetwa jana Jumatatu, inanuka omena mpaka paka alinifuata nayo chumbani. Jumamosi ilikuwa imeshapita.

Shire alifika saa mbili asubuhi. Lori, wanaume sita, na mafundi wawili, mmoja amebeba msumeno begani. Akaiangalia boti, akasema, "Mama, fungua maji yatoke. Gari langu haliwezi kubeba bwawa." Ni haki yake, nilikuwa nimempa neno. Nikainama, nikashika kizibo. Nikakizungusha mara moja.

Dishon, mkono ulikataa. Nilikuwa na miaka saba nilipomwaga nusu kikombe nikicheza njiani, na bibi yangu hakunipiga. Aliketi chini pale nilipomwaga akautazama udongo. Afadhali angenipiga. Na sasa mimi nimwage maji ya wiki sita, na watu wamesimama na ndoo? Nikakirudisha kizibo. Nikamwambia Shire, "Maji haya hayamwagwi. Yatachotwa yaishe, halafu ubebe." Akasema sawa, kwani hayo yatachukua muda gani.

Nikapiga kelele safu nzima ikatoka. Ndoo, beseni, sufuria, hata poti ya choo ya mtoto wa mtu. Shire aliketi kwenye kiti chetu akanywa chai. Akanywa ya pili. Alipoona hayaishi akakunja mikono ya shati akaanza kuchota mwenyewe, na wanaume wake sita nyuma yake. Tulicheka, tukaimba, Ngui akageuza beseni kuwa ngoma. Saa saba mchana tulikuwa tumefika chini, Mama Muhonja anachota kwa kikombe. Na hapo mvua ikaja! Si mvua ya kunyunyiza, ni ile ya kubomoa. Tulijibana wote chini ya paa tukitazama lile bati likiimimina ndani. Ilipokatika, maji yalikuwa kwenye viti tena.

Shire alisimama pale amelowa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama," akasema, "hiki kitu hakitaki kwenda Pipeline."

Ningeweza kunyamaza nikamwacha aamini hivyo. Lakini nilimwambia ukweli. Nikasema, "Si boti, Bwana Shire. Ni mimi. Mimi ndiye sitaki, na nimevunja neno langu mbele ya watu, nisamehe." Fundi akaushusha msumeno. Shire akamgeukia Ngui akamuuliza kama anaweza kumchongea samaki wa kukaa mlangoni, mkubwa kuliko mtu. Ngui amekubali kabla swali halijaisha. Amezuiwa na sisi sote kumpaka rangi ya viatu.

Kwa hiyo jua kwamba niliamua Jumamosi, na barua yako ilikuja Jumatatu. Usije ukajisifu huko ufuoni kwamba maneno yako yalinigeuza. Lakini niliisoma mara nne. Ile sehemu ya kukosa niliisoma mara tano.

Sasa nikwambie sababu yangu. Naogopa ziwa. Maji ya kikombe nayajua, ya ndoo nayajua. Maji yasiyo na mwisho sijawahi kuyaona, na kila ulipoandika "ufuoni" nilikuwa nakosa pumzi. Niliona haya kukwambia, mke wa Kapteni. Lakini nimekaa na boti hii imejaa mpaka viti wiki nyingi, usiku usio na mvua naamka kuishika ubavuni, na kila nikiishika ni kavu. Kitu kinachoshika maji hivyo nitakipanda. Nitakuwa natetemeka, lakini nitapanda.

Nina masharti. Utanifundisha kuogelea mahali ambapo watu hawaoni. Utaweka tangi chini ya paa, kwa sababu ziwa ni lako lakini mimi nataka maji ya nyumbani. Na ndani ya nyumba hakuna Kapteni.

Tafuta lori la Januari.

Mkeo,
Kasiva

---

Port Victoria
1 Februari 1998

Mdogo wangu Ngui,

Tulifika, na leo baada ya kanisa tumeishusha majini.

Njia nzima niliifunika magunia mabichi ulivyonielekeza, na kila lori lilipokwama, na lilikwama mara sita, mimi niliteremka nikatafuta maji nikaimwagia. Nakuru mtu aliniuliza ni mgonjwa gani tumembeba. Mimi, mjukuu wa bibi yetu, nikimwaga ndoo baada ya ndoo barabarani! Nilimwomba radhi kila mara.

Ziwa sitakueleza. Nilipoliona kwa mara ya kwanza nilimshika Dishon mkono mpaka akalalamika. Utakuja ujionee.

Ufuo ulijaa watu. Wale wazee wawili waliinama chini ya boti wakapapasa kila mstari wa pamba kwa vidole, wakauliza umri wako. Walipoambiwa una miaka ishirini na tano na hujawahi kuona ziwa, mmoja alivua kofia. Jina langu ulilochonga pale mbele bila kuniuliza nimelisamehe. Lakini walikuwa na wasiwasi hata hivyo, maana Wanyonyi alileta makopo mawili ya kuchotea maji yakiingia, akayaweka miguuni pa abiria. Mimi nilibeba kikombe changu cha bati.

Wote waliketi kwenye viti. Mimi nilikataa. Niliketi chini kabisa, kwenye mbao zenyewe, nimevaa lile gauni la kanisani la samawati, kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza kujua. Dishon akavuta kamba mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Nikafumba macho. Mara ya tatu ikanguruma, ufuo mzima ukapiga kelele, na boti ikainua kichwa ikaenda! Nabwire alikuwa anacheka kwa lile pengo lake. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti na sikuona haya. Sikufumbua macho mpaka niliposikia watu wa Usenge wakitupigia makofi.

Nikainuka, kikombe bado mkononi. Nikapeleka mkono nyuma nikalipapasa gauni langu lote, kutoka kiunoni hadi kwenye pindo.

Lilikuwa kavu.

Dada yako,
Kasiva